Kitako cha Bama

Bunduki imekuja imeviringishwa kwenye khanga iliyopauka,
na barua ya polisi, mihuri miwili:
mtutu umezibwa, pini imetolewa,
haiui tena, haitoi hata kikohozi.

"Baba alirudi nayo kutoka Bama," anasema Mbuke Luhende,
muuguzi mstaafu, bado anavaa raba nyeupe za wodini.
"Aliipataje, usiniulize.
Polisi wameuliza mpaka wakachoka."

Mchwa wamekula mti, wameshindwa chuma.
Ninachoombwa ni kitako.

Mimi ni fundi wa vitanda, hapa Mabatini,
madawati shule zikifungwa,
jeneza mtu akigonga usiku.
Bunduki sijapata kuivika.

Nikapanga mezani.
Hiki ametuma mpwa wake toka Arusha, kwa basi:
kitako chenyewe, mjozi wa Uingereza,
kimelala ghalani miaka sabini ndani ya grisi,
kina chapa ya taji, ndogo kama ukucha wa mtoto.
Nilipokisogeza kikaingia bila nyundo,
kama mguu wa mwenye kiatu.

Huu ni mninga, umetoka upande wa Geita,
mwekundu, mzito wa kujibu;
ukiupiga randa unanukia kidogo,
halafu unanyamaza.

Na huu mvule, ubavu wa boti lililovunjwa Igombe,
bado una matundu ya misumari na shombo la sangara.
Mbuke akacheka hadi akashika meza.
"Baba? Baada ya meli ile ya vita
hakupanda hata kivuko cha Kamanga.
Aliapa: maji atayanywa, basi."
Mvule nikaurudisha nyuma ya mlango.

Mpwa kapiga simu mara mbili.
"Fundi, weka kile cha taji.
Usikipunguze hata unywele. Kikiguswa, bei imeanguka."

Basi nikachukua kile cha zamani, kilicholiwa,
nichukue vipimo. Nikapuliza vumbi la mchwa.
Mwishoni, penye bati la bega,
nikaona mstari ulionyooka.

Mchwa hawana msumeno.

Vidole vitatu vimekatwa, zamani sana,
na mkono uliokuwa na haraka, au woga;
bati limerudishiwa kwa skrubu mbili zisizolingana,
moja, naapa, ya baiskeli.

Mbuke akavaa miwani.
Akakaa kimya mpaka honi ya kivuko ikapita juu ya mabati.
"Alikuwa mfupi," akasema.
"Kila shati alilonunua alikunja mikono.
Kanisani, kwenye benchi, miguu ilining'inia.
Na bega hili," akajigusa la kulia,
"lilikuwa na fundo. Tulipokuwa wadogo
tulidhani kila baba analo.
Nimeshika mabega mangapi wodini, fundi,
na lake sikuuliza."

Hata waliomgawia
hawakuuliza mkono wake una urefu gani.
Nikamwona: usiku, mvua ya ugenini,
msumeno wa kuazima kwa mpishi,
anaifupisha vita kwa vidole vitatu.

"Kunja mkono," nikamwambia binti yake.
Nikaegemeza kitako cha taji kwenye kiwiko.
Kidole cha shahada hakikufika kwenye kifyatulio;
kilibaki hewani,
kama cha mwanafunzi asiyeitwa jina.

Akakitazama.
"Mkono huu ni wake," akasema. "Pima."

Nikapima mninga. Nikakata pale pale alipokata,
taratibu, mchana, mlango wazi,
watoto wa jirani wakiokota maranda.
Ile skrubu ya baiskeli ametaka irudi mahali pake,
na kutu yake.

Mpwa hajapiga tena.
Kile cha taji kiko rafuni, kando ya kopo la gundi,
kinamngoja mtu mrefu.